Barua za Mama Mkwe Katika Karantini

Kazi yangu ni kupangisha. Si nyumba, ingawa hapa mtaani Mowlem ukisema unapangisha, watu wanakuuliza kama bado kuna chumba. Mimi napangisha nafasi ndani ya kompyuta. Mtu akiwa na websaiti, lazima ikae mahali. Akiwa na imeli yenye jina la biashara yake, lazima barua zake zipokelewe mahali. Mahali hapo ni seva ninayokodi, na ninaisimamia nikiwa kwenye chumba changu cha juu, juu ya duka la misumari na rangi, nikitumia ukurasa mmoja tunaouita paneli. Kwenye paneli ndiko ninakomfungulia mteja akaunti na kumbadilishia paswedi akiisahau. Malalamiko huja kwa simu. Paneli haina mdomo, Mungu asifiwe.

Wateja wangu ni watu wa huku huku Eastlands. Makanisa kadhaa, shule ya watoto wadogo, kinyozi mmoja anayejiona kuliko benki, mfanyabiashara wa mbuzi wa Kiamaiko, na mama mkwe wangu.

Huyu wa mwisho ndiye ninayetaka kumzungumzia, na kabla sijaendelea lazima nieleze tunavyoishi naye, la sivyo mtaniona mwendawazimu.

Sisi ni watu wa magharibi ya nchi. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani. Hawasalimiani kwa mkono, hawali meza moja, hawakai chumba kimoja wakitazamana. Wakikutana njiani, mmoja anapisha. Si uadui hata kidogo. Ni heshima, tena nzito. Najua vijana wa siku hizi wameilegeza. Kuna wanaume wanaowakumbatia mama wakwe zao harusini mbele ya kamera, na mimi hutazama kando kwa aibu ambayo wao hawana. Lakini mama mkwe wangu ni wa mtindo wa zamani, na mimi nililelewa hivyo hivyo. Mumewe, marehemu, alikuwa mtu wa reli. Mama mwenyewe ameshona nguo mtaani Shauri Moyo tangu mke wangu akiwa mtoto: majoho ya kwaya, sare za shule, vitambaa vya madhabahu. Akija kwetu kumwona binti yake, mimi huchukua kofia na kusema naenda kuangalia seva. Seva haina shida, na yeye anajua haina shida, na anafurahi kwamba nimeenda. Mimi nikienda kwake, huketi nje ya mlango, na chai huletwa na mtu mwingine.

Sasa mtu kama huyo alikuwaje mteja wangu? Muulizeni mke wangu. Siku moja aliniambia, "Mama anataka websaiti, makanisa ya mbali yaone majoho yake." Nikaitengeneza yote bila kusemezana na mwenye websaiti. Akitaka kitu, alimwambia binti yake, na binti akaniletea.

"Mama anasema hiyo zambarau ni ya maaskofu. Weka ya kawaida."

"Mwambie hakuna zambarau ya kawaida."

"Hiyo siwezi kumwambia," mke wangu akasema, na nikatafuta zambarau ya kawaida mpaka nikaipata.

Tuliishi hivyo vizuri tu mpaka yule mtu wa mbuzi aliponiharibia jina.

Asubuhi moja simu zilianza kulia kabla sijamaliza chai. Wachungaji, mwalimu mkuu, kinyozi. Kila mmoja alisema barua zake zinakataliwa kila anapozituma. Nikafungua paneli, na haikunichukua muda kujua. Kuna mtu, nchi nisiyoijua, aliingia kwenye imeli ya mtu wa mbuzi na kuitumia kutuma matangazo ya dawa za nguvu za kiume dunia nzima. Seva yangu ikawekwa kwenye orodha ya wahalifu, na kwa sababu wateja wangu wote wanaishi kwenye seva hiyo moja, wakageuka wahalifu wote, wachungaji wakiwemo. Nikampigia.

"Niaje buda," akasema, huku nikisikia mbuzi nyuma yake. "Iko shida?"

"Paswedi yako ni nini?"

"Mbuzi."

"Mbuzi peke yake?"

"Zii, nimeanza na herufi kubwa."

Jameni! Nilikata simu nikashika kichwa. Nilipotulia, niliamua kwamba sitaki tena usalama wa wateja wangu utegemee akili za mtu mmoja wa Kiamaiko. Nikaongeza kwenye paneli vitu ambavyo nilipaswa kuviweka mapema kama si ubahili. Kwanza antivairasi, ya kupekua faili za kila websaiti. Pili kichujio cha imeli, kinachosimama mlangoni na kukagua kila barua inayoingia na inayotoka. Barua safi inapita. Barua yenye shaka inapelekwa pembeni, mahali panapoitwa karantini. Neno hilo sikuhitaji kumfafanulia mtu. Sote tulilijua enzi za korona. Barua ikishikwa, mwenyewe anapata taarifa yenye kiungo, akibonyeza inaachiliwa. Mimi pia, kama msimamizi, naweza kuiachilia. Isipoachiliwa na yeyote, muda ukifika inajifuta.

Na kwa kuwa bado nilikuwa na hasira, niliwatumia wateja wote onyo kali. Usibonyeze kiungo chochote kwenye barua ambayo hukuitarajia, hata kama imetoka kwa malaika. Kwa mama mkwe, onyo lilipita njia yake ya kawaida. "Mwambie mama asibonyeze kitu," nikamwambia mke wangu. "Chochote kile."

Siku za mwanzo zilikuwa za raha. Kila asubuhi nilikaa na kikombe changu nikipitia karantini, nikiona takataka zilizozuiwa, nikijisifu kimoyomoyo. Makosa yalikuwepo, lakini ya kuchekesha. Mtu wa mbuzi huwatumia wenye hoteli picha za nyama kabla hawajaagiza: mbuzi amechunwa, ananing'inia, na muhuri wa mkaguzi wa afya pajani. Kichujio changu kiliona ngozi nyeupe nyeupe na nyekundu, mapaja na mgongo, kikaamua hizo ni picha za uchi. Kikazishika zote. Nilipomweleza, alicheka mpaka akakohoa, akaniuliza kama mashine yangu imeoa.

Asubuhi moja kati ya hizo, nikishuka na ukurasa, niliona anwani ya mama mkwe wangu.

Nikaondoa macho pale upesi. Mjue kwamba kwenye karantini mimi naona kila kitu: nani ameandika, kichwa cha barua kinasema nini, na nikibonyeza, barua yenyewe. Imeli ya mchungaji sikuogopa kuikagua. Lakini hii? Mtu ambaye simwangalii usoni, nianze kupekua mambo yake nikiwa na chai mkononi? Aka! Nikaenda kwenye mipangilio, nikaiamuru paneli isinionyeshe tena barua zilizoshikwa za sanduku lile. Zake azifungue mwenyewe. Nilihisi nimefanya jambo la mtu aliyelelewa vizuri, na kama wewe una mama mkwe wa aina hiyo na unaamini ungefanya vingine, hongera.

Kitu nilichosahau ni hiki. Taarifa ambazo paneli ilimtumia zilikuwa na kiungo cha kubonyeza, na mimi mwenyewe nilimwagiza asibonyeze kitu. Wachungaji wote walibonyeza. Kinyozi alibonyeza hata asivyopaswa. Katika wateja wangu wote, mtu mmoja tu alitii, na alitii kwa sababu neno lilitoka kwa mkwe.

Haikupita muda mke wangu akaniambia, "Mama anauliza, barua zake zinafika?"

Nikakagua seva. Ilikuwa nzima. "Mwambie zinafika."

Baadaye akauliza tena. Na tena. Mimi si mtu wa subira nyingi, na kazi yangu ni kuambiwa kila siku kwamba kuna kitu hakifanyi kazi. "Mwambie seva ina afya kuliko mimi," nikasema.

Mke wangu alikuwa na mimba yetu ya kwanza, siku zimekaribia, miguu imevimba, daktari amemwambia apumzike na asijitie presha. Alikuwa amelala kwenye kochi, miguu juu ya mto. "Sijui anangoja nini," akasema. "Sidhani ni oda. Mama hajawahi kuhangaikia oda. Juzi amekata joho akakosea kipimo cha mkono. Mama yangu! Akosee mkono!"

Nilimwambia ni uzee. Akanirushia mto.

Kisha maswali yakakoma. Mama mkwe hakuuliza tena habari za barua, na mimi nikashukuru.

Ndipo siku moja paneli ikaniletea tahadhari ya msimamizi. Kuna sanduku lenye barua zilizokaa karantini bila kuguswa, na muda wake unakaribia kwisha. Zitafutwa. Sanduku lilikuwa moja tu, na lilikuwa lake.

Nilizunguka chumba. Nikaenda dirishani, nikarudi. Nikawaza, vipi kama ni kanisa kubwa limeagiza majoho ya kwaya nzima, na oda hiyo imepotea kwa sababu ya adabu yangu? Nikapiga moyo konde, nikaondoa kile kizuizi, nikaangalia kwa jicho moja.

Hazikuwa oda. Barua ya kwanza ilitoka kwenye maabara. Kichwa chake kilisema majibu ya kipimo. Ilikuwa na faili lililofungwa kwa neno la siri, kama wanavyofanya watu wa hospitali ili mgonjwa peke yake asome. Antivairasi yangu ilishindwa kulifungua, na kitu kisichofunguka kwake ni kitu cha kushukiwa. Chini yake kulikuwa na barua nyingine, kutoka kliniki, ikimwomba afike. Chini ya hiyo nyingine tena, ikimwomba afike haraka.

Sikufungua hata moja. Lakini vichwa vya barua vilitosha. Nasema wazi, niliogopa. Muda wote ule alipokuwa akiuliza kama barua zinafika, alikuwa akiuliza habari ya mwili wake, na mimi nilikuwa nikimjibu habari ya seva. Alipoacha kuuliza, maana yake alishaamini kwamba hawakumwandikia, na kama hawakumwandikia basi hana kitu.

Nikaziachilia zote. Hiyo ilikuwa kazi ya kidole. Lakini nani angemwambia azitazame? Mke wangu hakujua lolote. Mama yake alikuwa amemficha, na kwa hali aliyokuwa nayo niliona sababu. Mimi nani nimfichulie? Njia yetu ya kila siku ilikuwa imefungwa, na njia nyingine hatukuwahi kuwa nayo. Namba yake nilikuwa nayo kwenye faili za wateja. Sijawahi kuipiga maishani mwangu.

Nikaipiga.

"Nani?" akauliza. Cherehani ilikuwa ikilia nyuma.

"Ni mimi, mama. Wa Mowlem."

Cherehani ikanyamaza. "Nani amekufa?"

"Hakuna, mama. Binti yako yuko salama. Kuna barua zako zilishikwa huku kwangu. Za maabara, na za kliniki. Sikuzifungua. Sasa zimefika kwako."

Nilisikia pikipiki zikipita huko Shauri Moyo, na mtu akiuliza bei ya vifungo.

"Mke wako anajua?"

"Hapana."

"Wacha hivyo," akasema, akakata.

Kesho yake, mchana, nilisikia hatua kwenye ngazi, za mtu anayepumzika kila baada ya vidato vichache. Nikadhani ni mteja. Mlango ukafunguka, nikamwona yeye mzima mzima, na kitambaa cha kichwa na begi lake la Jumapili. Nilisimama nikachukua kofia. Mwili wangu ulifanya hivyo wenyewe.

"Unaenda wapi?" akasema. "Keti. Geuza kiti."

Nikageuza kiti, nikatazama ukuta. Nyuma yangu nikasikia benchi la wateja likilia. Alipumua mpaka pumzi ikatulia.

"Zilikaa huku kwako muda gani?"

"Tangu ulipoanza kuuliza, mama."

"Na hukuziona?"

"Nilijizuia kuziona. Ni zako. Niliona ni heshima."

"Heshima," akasema. Hakusema kwa hasira. Alilitamka tu, polepole. Kisha nikasikia kitu kikisukumwa juu ya meza hadi kando ya kiwiko changu. Ilikuwa simu yake. Hakunipa mkononi. "Nimeifungua ile faili. Ni Kizungu kirefu. Soma, uniambie kwa Kiswahili."

"Mama, labda tungoje..."

"Tungoje nani? Binti yangu Kizungu anakijua kukushinda, lakini atalia. Nikimwona analia na tumbo lile, nitasahau yangu nianze kumbembeleza. Kule dukani simu yangu inashikwa na kila mtu, ndiyo maana hospitali niliwapa imeli. Mchungaji ataomba kabla hajamaliza kusoma. Wewe huniangalii. Nataka kusikia hii kitu mtu asiniangalie. Soma."

Nikaichukua. Nilisoma mara moja kimya, na nikatamani ngazi ile ingekuwa ndefu zaidi, bado angekuwa anapanda.

"Wanasema kile kipande cha nyama walichokichukua mwilini wamekipima," nikaanza. "Wameona seli... wameona ugonjwa."

"Sema jina lake."

"Saratani, mama."

Chini dukani mtu alikuwa akikata bomba kwa msumeno. Ulipokoma, akasema, "Endelea."

Hapo ndipo ulimi uliponishinda. Neno lililofuata lilikuwa la sehemu ya mwili wake, na hakuna mwanamume wa kwetu anayelitamka mbele ya mama mkwe wake. Hata kwa ndoto. Masikio yalikuwa yanachoma.

"Endelea, mwanangu," akasema. "Ni mwili tu. Hata huo ambao majoho huuficha ni mwili tu."

"Ni ya titi la kushoto," nikasema. "Wanasema wanataka ufike kliniki upesi, wakuone, waanze matibabu."

Sikugeuka. Sijui uso wake ulikuwaje, na sitajua. Nilisikia begi likifunguliwa, kitambaa kikitolewa, pua ikipanguswa. Nilisikia akisema jina la marehemu mumewe, mara moja, kwa sauti ya mtu anayemwita aliye chumba cha pili. Mimi machozi yalikuwa yananitoka nikitazama ukuta wenye kalenda ya kinyozi. Nilimpenda yule mama wakati ule kuliko nilivyowahi kumpenda mtu ambaye nimemkumbatia.

Baada ya muda akasema kwa sauti yake ya kawaida, "Kesho utanipeleka. Utakaa mbele na dereva, mimi nyuma. Na binti yangu nitamwambia mwenyewe akishajifungua. Ukimwambia kabla, nitarudi hapa na makasi."

"Sawa, mama."

"Na hiyo mashine yako," akasema akiwa mlangoni, "inahitaji mtu mwenye akili."

Siku ya pili teksi ilituchukua Shauri Moyo, mimi mbele, yeye nyuma, dereva akitutazama kwa kioo akidhani tumekosana. Kliniki tulikaa benchi moja, yeye huku mimi kule, na mgonjwa mwingine katikati. Alipoitwa, nesi akasema ndugu wa mgonjwa naye aingie. Nilimtazama nesi, nikatazama sakafu. Mama mkwe akasema, "Ingia, nani atakumbuka dawa?" Nikaingia, nikasimama kando ya mlango, uso nimeuelekeza kwenye bango la kunawa mikono.

Daktari alikuwa mwanamke mtulivu. Alisoma karatasi, akampima nyuma ya pazia, akarudi akaketi. Akasema nafasi ya kupona bado ipo, nzuri kiasi, na upasuaji ufanyike bila kuchelewa tena. Kisha akapekua tena zile karatasi, akaangalia tarehe ya maabara, uso ukabadilika.

"Mama, majibu haya yalitoka kitambo. Tumekuandikia na kukuandikia. Huu muda wote ni muhimu sana kwa ugonjwa huu. Mbona mmekaa hivi? Barua hazikufika?"

Nikageuka kutoka kwenye bango. Nilikuwa nimefungua mdomo tayari. Nilikuwa na maneno yote: kichujio, karantini, faili lililofungwa, na jinsi nilivyojifunika macho.

"Zilifika," mama mkwe akasema, bila kunitazama. "Niliogopa kuzisoma, daktari. Huyu mtoto ndiye amenilazimisha nije."

Daktari akatikisa kichwa kwa huruma, akachukua kalamu, na akaandika hivyo.